Breki ya Mbele Ilikuwa Mfukoni

Dada yangu aliniambia Jumanne asubuhi, akiwa amechuchumaa katikati ya miche yake ya parachichi, kwamba Jumamosi mwalimu jirani yetu atakuja kuchukua pikipiki. Hakuniangalia. Alikuwa anang'oa magugu kwenye viriba, vile vifuko vya kuoteshea, kimoja baada ya kingine, kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa uzi kwenye nguo.

"Labda," akaongeza.

"Labda nini?"

"Labda asiichukue. Ijumaa nina miche ya kupeleka Kichiwa. Tutakwenda wote, mimi nyuma. Kama inasimama pale ninapotaka isimame, inabaki, na wewe unabaki unaiendesha. Kama haisimami, mwalimu anaichukua, na wewe utajua pa kwenda. Hujawahi kukosa pa kwenda."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Niliacha shule kidato cha pili, na si kwa sababu ya ada. Nilitaka kujua lori la mbao lililopita kila asubuhi mbele ya darasa letu linaishia wapi. Liliishia Makambako, kwenye uwanja wa mbao nyuma ya reli, lakini kufika hapo nilikuwa nimeshaondoka nyumbani na ilionekana ni hasara kurudi na jibu dogo namna ile. Nikaendelea. Nimepasua mbao Mafinga, nimebeba mizigo Tunduma, nimeanika dagaa Manda kule ziwani, nimevuna viazi juu karibu na Kitulo, ambako wageni walikuja kupiga picha maua na mimi nikamuuliza mwongozaji wao jina la kila ua mpaka akataka kujua kama nimetumwa na serikali. Kote huko nilijifunza mengi, na kote huko niliondoka kabla hayajanifaa.

Kwa dada yangu Njombe nilikuwa nimekaa miezi minane. Sijawahi kukaa mahali miezi minane. Yeye ni mjane, mumewe alimwachia nyumba, kitalu cha miche, na ile pikipiki ya Kihindi yenye breki ya diski mbele. Mimi niliiendesha, nikapeleka miche vijijini, nikala kwake, nikalala chumba chenye dirisha linaloangalia misindano. Nilikuwa napapenda pale. Sikuwa nimemwambia mtu, kwa sababu mtu wa aina yangu akisema anapenda mahali watu huanza kumtazama kama mgonjwa.

Kwa hiyo suala lilikuwa breki. Nilikwenda kwa fundi karibu na stendi. Akafungua breki ya mbele, akatoa pedi mbili, akazipuliza vumbi na kuzinyanyua kama daktari wa meno anayekuonyesha jino lako.

"Zimebaki bati tupu," akasema. "Wewe unashuka umezima."

Ni kweli. Huku kwetu ardhi haina sehemu bapa; ukimaliza kupanda unashuka, ukimaliza kushuka unapanda. Na waendesha pikipiki wa huku tunaamini kwamba mafuta yanayoungua kwenye mteremko ni wizi. Tukifika juu ya kilima tunazima injini na kuteremka kimya kama ndege, tukiwa tumejaa furaha ya mtu aliyekwepa ushuru. Injini ambayo ingesaidia kupunguza mwendo inalala, na kazi yote inabaki kwa breki. Haya nilikuwa nayajua. Nilikuwa nimewaeleza wenzangu kijiweni mara nyingi, kwa ufasaha, kabla ya kuzima na kuteremka nao.

"Kanunue mpya," fundi akasema. "Nenda na hizi kama sampuli."

Msomaji wa mbali labda hajui uzito wa neno hilo. Kwetu hununui kitu kwa kukitaja. Unabeba kilichokufa, unakiweka juu ya kaunta, na muuzaji anatafuta pacha wake. Niliwahi kumwona mzee ameingia misa ya Jumapili na bawaba ya mlango mkononi, kwa kuwa baada ya misa angepitia dukani. Hakuna aliyeshangaa. Padri alimpa komunyo na bawaba yake.

"Pedi za hivi zipo hapo ng'ambo," fundi akaonyesha kwa kidevu.

"Nitakwenda Makambako," nikasema.

"Makambako? Kuna nini Makambako?"

Nikamweleza kwamba Makambako ndiko barabara zinakokutana, na reli inapita pale, hivyo mali hushuka pale kwanza, na kinachofika Njombe ni kile ambacho Makambako wamekikataa. Aliniacha nimalize. Ukweli ni kwamba nilikuwa sijatoka Njombe wiki tatu na miguu ilikuwa inawasha.

Basi nikaondoka. Nilikuwa na breki ya mbele, ila ilikuwa mfukoni mwa koti. Nilikwenda kutafuta kitu cha kusimamishia pikipiki kwa pikipiki isiyosimama vizuri, barabara yote ile ya kupanda na kushuka, kwa breki ya nyuma peke yake, ile ya kukanyaga. Na nitasema hili: sijawahi kuendesha vizuri kama siku ile. Sikuzima injini hata mara moja. Kila mteremko niliushuka kwa gia ndogo, taratibu, nikapitwa na malori na hata na mama mmoja kwenye baiskeli aliyenitazama kwa huruma.

Makambako upepo ulikuwa ule ule wa siku zote, unaokupa vumbi mdomoni kabla hujasalimiwa. Niliingia duka la spea ambalo mwenyewe alikuwa mama wa umri kama wa dada yangu, amevaa sweta zito juu ya kitenge, anamenya viazi ndani ya beseni nyuma ya kaunta. Mlangoni aliegemea dereva wa bodaboda mwenye koti la mvua, anakula hindi la kuchoma na hana haraka.

"Kamwene, kaka," mama akanisalimu Kibena.

"Kamwene, mama. Nataka pedi za breki ya mbele."

"Pikipiki gani?"

Nikatoa zile kuukuu mfukoni, nikaziweka juu ya kaunta. "Kama hizi."

"Nimeuliza pikipiki gani. Sijauliza nini kimekufa."

Nikamtajia. Hata hakusimama vizuri. Alinyoosha mkono nyuma yake, akavuta boksi, akalirusha mbele yangu na kurudi kwenye kiazi. Nikafungua. Nikaweka pedi mpya juu ya ile kuukuu.

"Siyo," nikasema.

"Ndiyo."

"Mama, angalia sikio hapa. Langu liko chini, hili liko juu. Na hii imejaa pembeni, yangu imekatika."

"Kaka, hizi nimeziuza mpaka naziota. Pikipiki hiyo, pedi hii."

"Bosi," akasema yule wa mlangoni, "mwenye duka anataka kuuza. Sampuli haitaki chochote. Sikiliza sampuli."

Nilimpenda mara moja. Akaja, akachukua pedi ya mama, akaigonga kwenye meno, akasikiliza. "Halafu hii ni ya unga. Inaisha haraka. Tafuta ile yenye vichuma ndani, hiyo haiishi."

"Yenye vichuma inakula diski," mama akasema.

"Acha hizo. Diski ni ngumu."

"Kama ni ngumu, mbona mwezi uliopita ulikuja hapa unalia yako imeliwa?"

"Ile ilikuwa bahati mbaya, mama."

"Bahati mbaya yenye vichuma."

Hapo mimi nikawa nimenogewa. Nikauliza unga wenyewe ni wa nini. Nikauliza kwa nini breki zikipata moto zinanuka kama kwato za ng'ombe zilizoungua. Nikauliza kama pedi laini inashika vizuri kuliko ngumu kwenye mvua, na kama ni hivyo, kwa nini sisi wa nyanda za juu, tunaoishi ndani ya mvua, tunasifia ngumu. Jibu la hilo nilikuwa nalo tayari: huku kitu kinasifiwa kwa kutokwisha. Buti, sweta, jembe, mke. Pedi ya breki kazi yake ni kujimaliza taratibu kwa niaba yako, na ndiyo maana hatuiheshimu.

"Kaka," mama akasema, "unanunua au unasahihisha mtihani?"

"Mtihani niliuacha kidato cha pili."

"Inaonekana ulibaki na maswali."

Lakini alikuwa mfanyabiashara mvumilivu. Aliweka kisu chini, akafuta mikono, akaniletea boksi la pili, la tatu, la tano. Kila moja nililipima na sampuli kwenye mwanga wa mlango, na kila moja nililikataa. Boksi la saba lilikuwa la pikipiki nyingine kabisa, ndogo kuliko yangu. Nikaweka pedi yake juu ya yangu. Sikio chini. Kona ile ile. Imezidi kidogo tu upande mmoja.

"Hii hapa!" nikasema, na yule wa mlangoni akapiga kofi kaunta kama vile tumepata mtoto.

Mama hakufurahi. Aliichukua sampuli yangu kwa mara ya kwanza, akaisugua kwa pindo la kitenge, akaigeuza kwenye mwanga. Ukingoni, chini ya masizi, kulikuwa na mistari midogo iliyolala sambamba.

"Umeona? Hii imepigwa tupa," akasema. "Kuna mtu alikosa pedi za pikipiki yako, akachukua za hii ndogo, akazichonga mpaka zikaingia. Sampuli yako yenyewe siyo. Zako halali ni zile za kwanza, nilizokupa kabla maji ya viazi hayajachafuka."

Hindi lilisimama njiani kuelekea mdomoni.

Ilikuwa wazi kabisa. Nilikuwa nimeielewa kabla hajamaliza kusema, na hata mistari ya tupa niliiona vizuri kuliko yeye. Ila nilikuwa nimeshabisha karibu saa nzima, mbele ya shahidi, nikiegemea kipande kile cha bati kama Msahafu. Mtu aliyesoma hadi mwisho pengine hujifunza mahali fulani namna ya kusema "nimekosea". Mimi nadhani walilifundisha kidato cha tatu.

"Lakini imefanya kazi miaka yote hii," nikasema.

"Imefanya kazi, au haijakuua bado?"

"Mama ana pointi," akasema yule wa koti la mvua, msaliti.

"Nipe hizi zinazofanana na zangu," nikasema. "Na kama una tupa, niazime."

"Tupa sina. Ningekuwa nayo ningeificha." Alizifunga kwenye gazeti. "Kuna mtu unampakia?"

"Dada yangu."

Alinitazama kidogo. "Msalimie. Mwambie pole."

Jumatano nikazipeleka kwa fundi. Nilikuwa tayari kumweleza habari ya kuchonga kana kwamba ni ugunduzi wangu, lakini alipofungua gazeti uso wake ulichanua.

"Aah! Hizi! Hii kazi niliifanya mimi kwa marehemu shemeji yako. Zake zilikuwa hazipatikani wakati ule. Nilikaa na tupa siku nzima."

"Mbona hukuniambia Jumanne?"

"Hukuuliza. Ulikuwa unanieleza habari za reli."

Nimeuliza maswali tangu nikiwa mtoto. Nimeuliza wavuvi, wapasua mbao, na mwongozaji wa watalii. Swali moja lililokuwa na faida, yaani hizi pedi zilitoka wapi, sikuliuliza.

"Na zinashika?" nikauliza, nikiwa nimechelewa siku moja.

"Zinashika."

"Kabisa?"

"Kiasi. Shemeji yako kwenye mteremko mkali alikuwa anaongezea buti."

Tukachonga pamoja. Aliifurahia kazi, akanisifia mkono. Zikaingia barabara kabisa. Nikaijaribu pale uwanjani, kwenye tambarare pekee ya mtaa, ikasimama. Fundi akasema, "Unaona?" Nami nikasema naona.

Alhamisi ilikuwa siku nzima niliyopewa bure ya kurekebisha kosa. Duka la ng'ambo lilikuwa wazi. Niliitumia siku hiyo kuosha pikipiki.

Ijumaa tukapakia kreti mbili za miche nyuma, tukazikaza kwa mpira, na dada akapanda katikati yangu na kreti, ameketi upande, mkono mmoja umeshika koti langu. Hakupoteza muda.

"Simama hapo kwenye mkaratusi."

Nikasimama.

"Twende. Simama kwa yule mama wa ulanzi."

Nikasimama. Mama akauliza tunataka lita ngapi za hiyo pombe yake ya mianzi.

Baada ya mara ya nne aliacha. Tuliiacha lami tukaingia barabara ya udongo, na akaanza kuongea, jambo ambalo hajawahi kulifanya akiwa juu ya pikipiki. Alinieleza kwamba kikundi cha wakulima tunaokwenda kwao kimekuwa kikinunua miche kwa mtu mwingine, nayo hukauka nusu. Aliniambia mahali pa kupanua kitalu. Alicheka hata, sikumbuki kwa lipi.

"Hizi breki umezitoa wapi?"

"Makambako."

"Kumbe ukiwa na sababu una akili."

Tukafika juu, kabla ya Kichiwa, pale barabara inapoinama kuelekea kijito chenye daraja la magogo. Mvua ya usiku ilikuwa imeupaka udongo mwekundu ukang'aa. Nilikuwa nimepita pale mara nyingi. Nilijua pia kwamba ninaweza kuushuka kwa gia ya kwanza na breki ya nyuma, taratibu, kama nilivyorudi toka Makambako, na kwamba yeye hatajua kitu hadi mwisho wa dunia. Au nisiweze. Lilikuwa moja kati ya hayo mawili, na nilikuwa mtu pekee juu ya pikipiki ile aliyejua kwamba yako mawili.

"Nimeamua," dada akasema sikioni kwangu. "Mwalimu nitamwambia atafute nyingine."

Nikasimamisha pikipiki. Nikazima injini.

"Mbona umesimama? Sijakuambia usimame."

"Dada, breki ya mbele siyo yake."

"Siyo ya nani?"

"Ya pikipiki hii. Ni ya pikipiki nyingine. Nimeichonga ikaingia."

"Si imesimama pale kwenye mkaratusi?"

"Pale ni tambarare. Pale hata kiti kingesimama."

Nilisikia kijito chini.

"Umejua lini?"

"Jumanne. Mwenye duka aliniambia. Alinitolea na zile halali."

"Ukabisha."

"Nikabisha."

"Mbele za watu?"

"Mtu mmoja. Alikuwa anakula hindi."

Dada yangu akashuka. Akafungua mpira, akatwaa kreti moja, akaiweka kichwani, akaanza kuteremka kwa viatu vyake vya plastiki, mguu mmoja mmoja, bila kugeuka. Nami nikafuata na kreti ya pili juu ya tangi, nikiizuia pikipiki kwa mwili mzima, visigino vimezama kwenye tope. Iliteleza mara mbili. Mara ya pili nilibana breki ya mbele kwa nguvu zangu zote, na gurudumu likaendelea kuzunguka, polepole, kwa dharau, mpaka kwenye nyasi.

Kichiwa wakulima walitupokea vizuri. Mzee mmoja akauliza kwa nini tunatembea na pikipiki tunayo.

"Tunaipumzisha," dada akajibu, akaanza kuwaonyesha jinsi ya kupasua kiriba bila kuvunja mizizi. Waliichukua miche yote. Mimi niliulizwa mambo mawili matatu ya umbali kati ya shimo na shimo, nikayajibu kwa ufupi, hali iliyomfanya dada anitazame kuona kama naumwa.

Kurudi tuliupanda ule mlima nikisukuma. Juu akaketi kwenye jiwe, akavua viatu, akakung'uta tope.

"Mwalimu ataichukua kesho," akasema. "Nitamweleza habari ya breki mimi mwenyewe, na zile zake halali nitamnunulia. Sitaki aje kunilaani."

"Sawa."

Nilishaanza kupanga. Begi langu ni dogo. Kulikuwa na Tunduma, kulikuwa na ziwa, na kulikuwa na mtu aliyewahi kuniambia kuna kazi kwenye chai.

"Nitaondoka Jumapili," nikasema. "Baada ya misa."

"Uende wapi?"

"Sijajua."

"Jumatatu udongo unakuja, lori zima. Viriba nitajaza na nani?"

"Ulisema kama haisimami, nitajua pa kwenda."

"Nilisema kama haisimami hutaiendesha. Hutaiendesha. Hiyo habari ya pa kwenda niliiongeza kwa hasira." Akavaa kiatu kimoja. "Ulikuwa umeacha beseni langu juani, likapasuka."

Sikuwa najua kuwa beseni limepasuka. Nilitaka kuuliza lipi, la bluu au lile kubwa, lakini alikuwa ameshasimama, na mara hii nilinyamaza.

Mwalimu alikuja Jumamosi akiwa na kofia ngumu mpya. Dada akamweleza kila kitu mbele yangu, hadi kuhusu mtu wa hindi, na mwalimu akawa ananiangalia kwa jicho ambalo walimu hulitumia kwa wanafunzi wanaokaa nyuma. Kisha akaisukuma pikipiki akitembea hadi kwa fundi, hakuipanda. Niliisikia ikiondoka, yaani sikuisikia.

Jumatatu nilijaza viriba. Udongo wa msituni, samadi, na mchanga. Nilimuuliza dada kwa nini mchanga, akanijibu. Nilimuuliza kwa nini usiwe zaidi, akanijibu. Nilipomuuliza unatoka mto gani, akasema nijaze.